Kituo cha kuokoa thorobredi waliotelekezwa: nimechukua jike kwao, nawapa nyota 4

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana makusudi na sababu nitaisema huko chini, ila kwa ujumla hawa jamaa wanajua wanachokifanya na kama ingebidi kesho nimkabidhi mtu farasi wangu ningewapa wao. Jina lao silitaji, humu kuna sifa na kuna malalamiko na sitaki kumharibia mtu shughuli zake, na isitoshe mengi ya haya utayakuta kwenye kituo chochote cha aina hii.

Kwa wasiojua huduma yenyewe: wanapokea farasi wenye nasaba, hasa thorobredi (farasi wa damu wanaozalishwa kwa ajili ya mbio) waliomaliza mbio na majike waliochoka kuzaa, wengine wanaletwa na wenyewe, wengine wanaokotwa wakiwa mifupa mitupu. Wanawatibu, wanawafundisha upya kama bado wana mwili wa kufundishika, halafu wanawatafutia watu wa kukaa nao. Mimi nimechukua jike mtu mzima, ukisoma ukoo wake kwenye cheti utadhani ni wa ikulu, na alikutwa kwenye zizi la matope, kwato zimekua hadi zimepindia juu, na pembeni yake kuna ndoo kavu.

Watu wananiuliza sana, farasi wa bei mbaya vile anafikaje kwenye hali hiyo? Anafika vizuri tu. Bei ya farasi wa mbio ni bei ya kazi anayofanya, kazi ikiisha bei nayo inaondoka, anabaki mnyama wa kilo 500 anayetaka kula. Farasi Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, mwaka 1986, mwaka uliofuata akabeba Breeders' Cup Classic na akatangazwa farasi bora wa mwaka Marekani, 1994 akauzwa Japani awe dume la mbegu, watoto wake hawakuvuma, akapita mikononi mwa madalali, na 2003 ndo dunia ikaja kujua kwamba mwaka wa nyuma yake alishachinjwa. Kabla yake kuna Exceller, yule aliyewapiga Seattle Slew na Affirmed kwenye mbio moja mwaka 1978, wote wawili washindi wa Triple Crown, yaani mbio tatu kubwa za Marekani ndani ya mwaka mmoja, naye akaishia machinjioni Uswidi mwaka 1997. Sasa kama hao walipotea hivyo na majina yao makubwa, huyu jike wako ambaye hajawahi kushinda kitu cha maana nani atamtafuta?

Na hesabu yenyewe ni rahisi. Wengi wanaacha kukimbia wakiwa na miaka 4, 5 au 6, na farasi akitunzwa anafika 25 na zaidi, maana yake ana miaka karibu 20 ya kula baada ya kazi kuisha. Farasi wa ukubwa huo anataka kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kila siku, fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8, daktari wa kumkagua meno angalau mara moja kwa mwaka, minyoo, chanjo, maji safi muda wote. Mnunuzi wa pili au wa tatu anaona bei ya mnadani imeshuka anasema aah nimepata farasi wa damu kwa bei ya kutupa, hayo mengine hayaoni mpaka amfikishe nyumbani. Halafu thorobredi sio farasi wa kuvumilia shida, poni anaweza akapita msimu mzima kwenye nyasi mbovu ukamkuta bado ana tumbo, thorobredi ukimlegezea kidogo tu mbavu zinatoka. Kwa hiyo huyo mwenye damu nzuri ndo anayeharibika haraka zaidi, watu wanadhani ni kinyume chake.

Haya, tuje kwenye kituo.

Nilichokipenda cha kwanza ni mapokezi. Farasi akishuka kwenye lori, kabla hata ya picha, wanapitisha mashine ya kusoma chipu, kidude kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, shingoni upande wa kushoto, chini ya singa, unasikia piip na namba 15 zinatokea, dada aliyekuwa zamu anaziandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye daftari (akaniambia kompyuta ilishawahi kuwaangusha). Kwa thorobredi wa Marekani waliozaliwa kuanzia 2017 Jockey Club yao, chama kinachosajili thorobredi, haisajili mtoto bila chipu, na England iliwalazimu wenye farasi wote kuwawekea chipu kufikia Oktoba 2020. Wenye umri mkubwa zaidi wa Marekani waliowahi kukimbia wana chale ndani ya mdomo wa juu, na hizo zinafifia, huyu wangu ilibidi wamgeuze mdomo huku mwingine anamulika tochi mpaka wakaambulia herufi na tarakimu kadhaa za kuanzia kutafuta.

Sasa vituo vingi vinaishia hapo, wamepata namba, wamejua jina, basi. Hawa wanakaa kwenye simu. Wanampigia aliyemzalisha, wanampigia aliyemmiliki wakati wa mbio, wanampigia aliyemuuza mwisho, sio kwa ugomvi, wanauliza tu unataka kujua farasi wako yuko wapi? Na utashangaa, kuna watu wanalia kwenye simu, hawakujua kabisa, wao walimuuza kwa mtu waliyemwamini na yule akamuuza kwa mwingine. Aliyemzalisha jike wangu alituma pesa ya malisho bila kuombwa. Kuna wengine bila shaka wanakata simu, hao ndo wa kumtupa jongoo na mti wake. Kama wewe ni mzalishaji au ulishawahi kumiliki thorobredi wa Marekani na unataka kutafutwa siku akipata shida, Jockey Club wana huduma inaitwa Thoroughbred Connect tangu 2011, unajiandikisha kwamba uko tayari kumsaidia farasi fulani, na wale wa Quarter Horse, aina nyingine ya farasi wa Marekani, wana ya kwao inaitwa Full Circle. Kazi ya dakika chache tu na wengi wenye farasi hawajawahi hata kuzisikia.

Cha pili, na hapa ndo nawapa alama za juu kabisa, ni kulisha. Mtu wa kawaida akiona farasi amekonda wazo la kwanza ni kumjazia nafaka, masikini ale ashibe. Ndo unamuua hapo. Mwili uliokaa na njaa umeshazoea kujila wenyewe, ukiuingizia wanga mwingi ghafla insulini inapanda, inasukuma madini ya fosforasi, potasiamu na magnesi kuingia ndani ya seli, kwenye damu yanaisha, na moyo unaweza kusimama siku chache baadaye wakati wewe unajipongeza kwamba anakula vizuri. Chuo Kikuu cha California kule Davis walilifanyia kazi jambo hili, na kilichofanya vizuri ni nyasi za alfalfa peke yake, wengine wanaita lusani, kwa sababu wanga wake mdogo na protini na magnesi ziko juu, unampa kidogo kidogo, karibu nusu kilo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, halafu unapandisha taratibu, na kama siku 10 za mwanzo ndo za hatari zaidi.

Hapa wanafuata hivyo hivyo na hawana mchezo. Nilikuta ubao wa chaki mlangoni kwa kila farasi mpya, saa imeandikwa, uzito wa nyasi umeandikwa, aliyelisha ameweka jina, na nyasi zenyewe zinaning'inizwa kwenye mizani ya ndoano kabla hazijaingia ndani, sio kukadiria kwa mkono. Kuna saisi mmoja mzee pale nilimwona farasi anamgonga gonga na pua anataka zaidi, macho yamemtoka, na yule mzee anamwambia bado mama, saa nane ya usiku nitakuja, vumilia. Na kweli alikuja, mi nilikuwepo. Hiyo peke yake kwangu ina thamani kuliko picha mia za mtandaoni za kabla na baada. Na minyoo hawakimbilii kuitibu kwa dozi kali siku ya kwanza, wanapima kinyesi kwanza na wanamwachia daktari aamue lini na dawa gani, kwa sababu farasi dhaifu mwenye minyoo mingi ukiiua yote kwa mpigo unaweza kumletea matatizo ya utumbo.

Hali ya mwili wanapima kwa kipimo cha Henneke, kile cha 1 hadi 9 kilichotungwa mwaka 1983, 1 ni gofu na 9 ni mnene kupindukia, 5 ndo katikati. Nilipenda kwamba wanapima kwa mkono. Dada anapitisha viganja kwenye mbavu, nyuma ya bega, shingoni, juu ya mabega pale shingo inapoishia, kiunoni na pale juu kwenye shina la mkia, sehemu sita, ndo anatoa namba. Akanishika mkono akanipitishia na mimi kwa farasi mmoja ambaye kwa macho alionekana wa kawaida tu, manyoya mazito ya msimu wa baridi, duh, chini ya yale manyoya ni ngazi tupu. Kumbuka hili la manyoya maana nitalirudia.

Karantini wanafanya, farasi wapya wanakaa upande wao na ndoo zao na mifagio yao, wanapimwa joto asubuhi na jioni, kwa sababu ule ugonjwa wa majipu ya kooni ukiingia kwenye zizi la thorobredi dhaifu ni balaa. Hapo sina la kusema, safi.

Kitu kingine cha kuwapongeza ni kwamba wanakataa. Ndiyo, wanakataa farasi. Nilikuwepo wakati jamaa anabembeleza kwenye simu wachukue majike wake wote kwa mara moja na wakamwambia nafasi zipo za wachache tu, wengine tutakusaidia kutafuta kwingine na wakati huo huo tunakutumia daktari. Mwanzoni niliona ni roho mbaya, ila ukifikiria, wanyama wengi waliokutwa hoi walikutwa ndani ya vituo vilivyojiita vya kuokoa, mtu alianza na moyo mweupe akawa hawezi kusema hapana, farasi wakazidi nyasi, nyasi zikazidi pesa. Kwa hiyo ukienda kukagua kituo chochote uliza swali hili kwanza: mna nafasi ngapi na mkijaa mnafanyaje? Akikujibu sisi hatumkatai yeyote, ondoka.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo kwa sababu limenikaa rohoni. Hawa wa mtandaoni wanaoweka picha ya farasi kakonda, na namba kubwa kiunoni, na maneno LORI LINAONDOKA IJUMAA, CHANGIENI LA SIVYO ANACHINJWA. Ndugu zangu. Ni kweli machinjio ya farasi Marekani yalifungwa 2007 na tangu hapo wanasafirishwa kwenda Kanada na Meksiko, hilo sio uongo. Lakini mwingi wa huo uokoaji wa saa za mwisho ni biashara, dalali anamnunua farasi mnadani kwa bei ya chini, anamuuzia mwenye huruma kwa bei ya juu, na faida inarudi mnadani kununua wengine wa wiki ijayo. Lori lipo siku zote, Ijumaa haiishi. Na akiona cheti cha nasaba ndo kabisa, anakitangaza kwa maandishi mekundu maana anajua watu wa damu watachanga zaidi. Unampokea farasi ana homa, karantini hamna, chipu hajasomwa. Kituo hiki hakinunui kwa hao watu, kama kuna farasi wanamtaka wanatuma mtu mnadani mwenyewe anyanyue mkono kabla ya dalali, wakimkosa wanamkosa. Inauma ila nawaelewa.

Sasa kuchukua farasi. Fomu ni ndefu aisee, wanataka namba ya daktari wako wa mifugo na ya fundi wa kwato na wanawapigia kweli, wanakuja kuona zizi, wanauliza malisho yako kwa kila kipindi cha mwaka, wanauliza ukiugua nani atalisha, ukifa je? Mimi sikukwazika, wapo waliokwazika. Mwanzoni unakaa naye kwa majaribio, bado ni wa kituo, ukishindwa unamrudisha bila lawama. Ubovu wake wote waliniambia bila kuuliza, goti gani limechoka, meno gani hayapo, anaogopa nini (ndoo ikigongwa chini anaruka), hapandiki tena na asije mtu akanidanganya kwamba anapandika. Uaminifu huo kwa muuza farasi wa kawaida hutaupata.

Mkataba una vifungu vizuri. Haruhusiwi kuuzwa mnadani hata siku moja. Haruhusiwi kuzalishwa, na cheti cha usajili wamebaki nacho wao ili hilo lisiwe la kuaminiana tu, maana mtoto asiye na cheti hana soko na tamaa inakufa yenyewe. Nikitaka kumtoa lazima wao wapewe nafasi ya kwanza ya kumchukua. Kwa wale waliotoka kwenye mbio na mguu hauruhusu tena, Jockey Club ya Marekani ina fomu ya kusajili kwamba farasi ameuzwa bila kurudi mbioni, na hawa wanaijaza, sio kuahidi kwa mdomo. Pia wanakuhimiza kama uko kwenye nchi ya pasipoti za farasi uhakikishe sehemu inayosema farasi huyu si wa kuliwa nyama imesainiwa. Uingereza tangu mwanzo wa 2022 farasi hakimbii mbio bila kuwa ameshatolewa kwenye orodha ya nyama, na farasi aliyetolewa hivyo machinjio halali hayawezi kumpokea. Kwangu mimi hiyo saini moja ina nguvu kuliko kurasa zote za mkataba.

Sasa nyota ya tano.

Ufuatiliaji wao una tundu. Mwaka wa kwanza wanakuja wenyewe, vizuri, wanashika mbavu, wanaangalia kwato, wanafungua gunia wanusie nyasi. Baada ya hapo inakuwa picha. Unatuma picha mbili tatu kwenye simu, wanajibu asante anapendeza, imeisha. Hivi wao wenyewe si ndo walionishika mkono wakanionyesha mbavu zilizojificha chini ya manyoya? Picha ya upande mmoja, jua likiwa nyuma, farasi ana koti la baridi, utampima Henneke kwa macho? Na picha ya mwaka jana ikitumwa mwaka huu nani atajua? Nimewaandikia nikawaambia angalau waombe barua ya daktari kila mwaka yenye namba ya hali ya mwili na chipu iliyosomwa siku hiyo, wakanijibu watalijadili, na majibu yao kwa ujumla ni ya kusubiri sana, ukiwa huna simu ya yule dada moja kwa moja utakaa.

La pili linaendana na hilo. Kifungu cha kurudishiwa kinamfunga aliyesaini. Nikimuuza kinyemela kwa mtu, na yule akamuuza kwa mwingine, huyo wa tatu hajasaini chochote na kituo. Watanishtaki mimi sawa, ila farasi ameshaenda. Kuna vituo vinavyokwepa hili kwa kutohamisha umiliki kabisa, wewe unakuwa mlezi wa maisha, farasi anabaki wa kituo mpaka anakufa, kwa hiyo ukimuuza umeuza mali ya mtu, na huo ni wizi wa kawaida ambao polisi wanauelewa. Kwa majike wazee wasiopandika kama wangu mi naona huo ndo mfumo sahihi na sielewi kwa nini hawautumii. Walinieleza habari za bima na nani alipe gharama za daktari, mimi bado naona ni kuogopa mzigo.

Kwa wanaofikiria kwenda: kama unataka farasi wa kupanda wikendi ijayo sio hapa, wale waliotoka mbioni juzi wanataka muda wa kupumzika na mtu anayejua kuwafundisha upya. Kama una malisho, una mkono mwepesi na huna haraka, uliza majike, wanakaa pale muda mrefu kwa sababu kila mtu anataka dume kijana aliyehasiwa. Kwa waliopo Marekani, ukitaka kuhakikisha kituo chochote cha thorobredi sio usanii angalia kama kimeidhinishwa na Thoroughbred Aftercare Alliance, wapo tangu 2012, wanakagua mahali penyewe na kutoa ruzuku. Kwingine uliza tu uonyeshwe ubao wa kulisha na daftari la joto la karantini, vikiwepo utaviona vimechafuka kwa vidole, wakianza longolongo ushajua.

Wakirekebisha la ufuatiliaji nitakuja kubadilisha hii iwe tano.